Maji Yaliyotoa Samaki: kisa cha kidhibiti hasi katika zoezi la PCR, Malindi

Usuli

Kozi inayozungumzwa hapa ni ya mbinu za baiolojia ya molekuli, kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza. Sehemu yake ya vitendo ilifanyika Malindi kwa wiki 8, saa 3 kila wiki, katika chumba cha maabara kilicho karibu na ufuo. Darasa lilikuwa na wanafunzi 24, makundi 8 ya watu watatu watatu, chini ya mhadhiri mmoja, mkufunzi msaidizi na fundi wa maabara. Jina la chuo, mwaka na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa.

Vifaa havikuwa vingi, lakini vilitosha: mashine moja ya PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa kimeng'enya) yenye nafasi 96, matangi mawili ya jeli ya kutenganisha vipande vya DNA kwa urefu, taa ya bluu ya kutazamia mikanda ya DNA hiyo, sentrifuji ndogo ya mezani, mizani inayosoma hadi gramu 0.001, na seti tano za pipeti, vifaa vya kuvutia kimiminika kidogo. Ncha zilikuwa za kawaida, zisizo na kichujio. Kulikuwa na friza moja ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mashine ya kutengeneza barafu haikuwepo. Ilikuwa mwishoni mwa kaskazi, wakati ambapo chumba hicho hufika nyuzi 31 kabla ya adhuhuri na kila chupa inayotoka kwenye friza hutota maji kwa nje mara moja.

Zoezi kuu lilikuwa kutambua samaki kwa DNA. Makundi yalipewa vipande vya changu, tafi na papa mkavu aliyetiwa chumvi, vyote vikiwa na namba tu. Maduka na wachuuzi vilikonunuliwa havikuandikwa popote. Uamuzi huo wa mwanzo ulikuwa sahihi, kwa sababu biashara ya papa ina spishi zinazosimamiwa na mikataba ya kimataifa, na matokeo ya mwanafunzi anayejifunza kushika pipeti si ushahidi wa kumtia mtu matatani.

Zoezi lilivyopangwa

Wiki ya 1 ilikuwa ya pipeti peke yake. Kila mwanafunzi alivuta mikrolita 20 za maji mara 10 na kuzipima kwenye mizani. Jumla ikitoka karibu na gramu 0.200, mkono uko sawa. Ikitoka 0.230 na zaidi, mara nyingi mwanafunzi amebonyeza mpaka kituo cha pili kabla ya kuvuta, badala ya kuishia kituo cha kwanza. Ikipungua, ama ncha haikukaa vizuri, ama kidole kimeachiwa ghafla na hewa ikaingia. Kosa moja mizani haiwezi kulionyesha, kwa hiyo lifundishwe kwa macho: kimeng'enya hukaa ndani ya gliseroli, nayo hunata. Mwanafunzi akizamisha ncha yote ndani ya tyubu, anatoka na kimeng'enya kingi kwa nje ya ncha kuliko alichovuta kwa ndani. Ncha iguse uso wa kimiminika tu, milimita moja au mbili, na ivutwe polepole.

Wiki ya 2 ilikuwa ya kutoa DNA kwa njia ya bei nafuu. Kipande kidogo cha nyama kinawekwa ndani ya mikrolita 100 za hidroksidi ya sodiamu ya milimola 50 kwa lita, kinapashwa kwa nyuzi 95 kwa dakika 20, kinatikiswa kwa nguvu, kinapozwa, kisha zinaongezwa mikrolita 10 za bafa ya Tris ya mola 1, pH 8. Bafa hiyo si ya hiari. Bila kuituliza hidroksidi, PCR haiendi. Mifuniko ya tyubu nayo hufunguka kwa mvuke inapofika nyuzi 95, kwa hiyo ifungwe kwa vibanio au uzito uwekwe juu yake.

Wiki ya 3 ilikuwa ya PCR yenyewe. Kila mmenyuko ulikuwa wa mikrolita 25: 12.5 za mchanganyiko mkuu wenye kimeng'enya, 1 ya kila praima (kipande kifupi cha DNA kinachoonyesha pa kuanzia kunakili) ya mikromola 10, 8.5 za maji safi, na 2 za dondoo la DNA. Kundi lilikuwa na tyubu tano, yaani sampuli tatu, kidhibiti chanya cha DNA ya tilapia, kinachotarajiwa kutoa mkanda, na kidhibiti hasi ambacho badala ya DNA kilitiwa mikrolita 2 za maji, kisichotarajiwa kutoa chochote. Mchanganyiko ulitayarishwa wa tyubu sita, kwa kuwa kitone hupotea kila unapogawa: 75, 6, 6 na 51, jumla 138, halafu 23 kila tyubu. Praima zilikuwa FishF1 na FishR1, zilizochapishwa mwaka 2005 kwa ajili ya sehemu ya mwanzo ya jeni ya COI katika mitokondria, inayotumika kutambua spishi. Mkanda unaotarajiwa huonekana kati ya jozi 650 na 700 za besi. Mashine iliwekwa nyuzi 95 kwa dakika 2, kisha mizunguko 35 ya nyuzi 94 kwa sekunde 30, nyuzi 54 kwa sekunde 30 na nyuzi 72 kwa dakika 1, na kumalizia na dakika 10 za nyuzi 72.

Wiki ya 4 ilikuwa ya jeli: agarosi gramu 1.5 kwa mililita 100 za bafa ya TAE, volti 100, dakika 40. Wiki za 5 na 6 zilitengewa vimeng'enya vya kukata DNA.

Mwongozo ulitoa alama 20 kwa zoezi zima, na 8 kati yake zilikuwa za “mkanda unaoonekana mahali panapotarajiwa”. Mstari huo wa alama utarudi mbele.

Kilichotokea

Siku ya PCR umeme ulikatika. Mashine ilikuwa kwenye mzunguko wa 19. Jenereta ikawashwa baada ya dakika kama 10, na mashine, ambayo huhifadhi mahali ilipofikia, ikaendelea. Tukio hilo dogo lilipoteza muda mwingi baadaye, kwa kuwa lilikuwa jambo la kwanza kukumbukwa na kila mtu.

Wiki iliyofuata jeli zilitoka hivi. Changu na tafi walitoa mikanda mizuri katika makundi yote. Kidhibiti chanya kilitoka katika makundi yote. Papa mkavu, ambaye makundi 6 yalimpata, hakutoa kitu hata kimoja. Na vidhibiti hasi, vilivyokuwa na maji tu, vilionyesha mkanda wa jozi 650 hadi 700 katika makundi 5. Makundi mawili yalikuwa safi. Kundi la nane halikuwa na njia ya kidhibiti hasi kabisa, yaani mstari wake kwenye jeli.

“Mwalimu,” mwanafunzi mmoja alisema akiwa bado ameinamia taa ya bluu, “maji yetu yametoa samaki, na papa wetu hakutoa kitu.”

Hakuna aliyelieleza tatizo kwa ufasaha kuliko hivyo, na sentensi yake ikaandikwa ubaoni.

Maamuzi na sababu zake

Mkufunzi msaidizi alipendekeza jambo ambalo hufanywa katika maabara nyingi za kufundishia: mikanda ya changu na tafi inaonekana, basi wanafunzi waandike ripoti, waseme kwa mstari mmoja kwamba kulikuwa na uchafuzi, na darasa liendelee na vimeng'enya vya kukata. Hoja yake ilikuwa na uzito. Muda ulikuwa umepangwa, na mchanganyiko mkuu uliobaki ulitosha mimenyuko 50 hivi.

Mhadhiri alikataa. Maji yenye mkanda wa samaki yanayafanya matokeo ya changu na tafi nayo yasiaminike. Mkanda ulio kwenye njia ya changu waweza kuwa wa changu, au wa kitu kile kile kilichoingia kwenye maji, au wa vyote viwili, na kwenye jeli zote zina urefu mmoja. Mwanafunzi anayeruhusiwa kuandika “kulikuwa na uchafuzi” na kusonga mbele anafundishwa kuwa kidhibiti hasi ni pambo la jeli. Kikapangwa kipindi cha wiki ya 5 kitumike kutafuta chanzo, na jeli zake zitazamwe wiki ya 6. Vimeng'enya vya kukata vikaondolewa kwenye kozi.

Uamuzi wa pili ulihusu kundi la nane. Walipoulizwa kwa upole, walikiri kuwa kidhibiti chao walikuwa nacho, lakini walipoona majirani wao wanashtuka, hawakukitia kwenye jeli. Waliogopa kupoteza zile alama 8. Hawakuadhibiwa. Jedwali la alama ndilo lililowasukuma, kwa sababu halikutofautisha mkanda uliopatikana kwa haki na mkanda ulioletwa na uchafu, na halikuweka hata alama moja kwa kidhibiti safi. Tyubu yao ilikuwa bado kwenye friza. Ilitiwa kwenye jeli siku hiyo hiyo, nayo ikatoa mkanda. Hesabu ikawa vidhibiti 6 kati ya 8.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuwataka wanafunzi waorodheshe washukiwa kabla ya kugusa pipeti, na kila mshukiwa aelezwe njia anayopitia. Hapo ndipo umeme ulipoondolewa kwenye orodha. Makundi matano yaliuandika wa kwanza. Mhadhiri aliuliza swali moja: umeme ukikatika, DNA ya samaki inaingiaje ndani ya tyubu iliyofungwa? Kukatika kwa umeme kwaweza kupunguza mavuno au kuleta mikanda isiyotarajiwa. Hakuwezi kuleta jeni la samaki mahali ambapo hapakuwa na samaki. Kumtaja mshukiwa bila kutaja njia yake ni kubahatisha, na wanafunzi walilipokea hilo vizuri kuliko wangelipokea kwa mhadhara.

Kutafuta chanzo

Walibaki washukiwa watano: maji, praima, mchanganyiko mkuu, pipeti na ncha zake, na mahali tyubu zilipokuwa zinakaa, yaani bakuli la barafu. Huyu wa mwisho aliletwa na fundi wa maabara. Alisikiliza orodha ikisomwa, akamgeukia mwanafunzi aliyetumwa barafu siku ya PCR.

“Mwanangu, barafu ya siku ile mliinunua wapi?”

“Kule bandani kwa samaki, mzee. Ya friza haikutosha.”

Mwongozo ulikuwa umeandika neno moja tu: barafu. Jaribio la matayarisho, lililofanywa na wakufunzi majuma mawili kabla, lilitumia barafu ya trei kutoka friza ya maabara, na vidhibiti vyake vilikuwa safi. Siku ya darasa yalihitajika mabakuli 8, trei zikatoa mawili. Akatumwa mtu na kuluboksi. Barafu iliyovunjwa ya bandani huzungushiwa samaki, huchotwa kwa koleo lile lile, na hukaa kwenye masanduku yaliyobeba samaki tangu alfajiri. Kwa mama karanga, mkaanga samaki wa kuuza, anayepeleka samaki wake nyumbani haina tatizo lolote. Kwa praima zilizotengenezwa makusudi zishike samaki wa aina nyingi, ni bakuli la DNA.

Makundi yaligawiwa kazi kwa mpango wa kubadilisha kitu kimoja kimoja. Kila kundi lilitengeneza vidhibiti hasi vitatu, si kimoja, kwa kuwa uchafuzi mdogo hauingii kila tyubu. Tyubu moja safi haithibitishi lolote. Barafu ikanunuliwa tena kutoka mahali pale pale.

Kundi la 1 lilirudia kila kitu kama mwanzo: vidhibiti vyote 3 vikatoa mkanda. Kundi la 2 lilitumia maji mapya: 3 kati ya 3. Kundi la 3, praima zilizoyeyushwa upya: 2 kati ya 3. Kundi la 4, mchanganyiko mkuu kutoka chupa isiyofunguliwa: 3 kati ya 3. Kundi la 5 lilitumia pipeti na ncha kutoka chumba kingine: 2 kati ya 3. Kundi la 6 liliacha vitu vyote vya zamani lakini likaweka tyubu kwenye kizuizi cha alumini, yaani kipande cha metali chenye matundu ya kushikia tyubu, kilicholala kwenye friza usiku kucha: hakuna hata mmoja. Kundi la 7 lilibadilisha vyote isipokuwa barafu: 2 kati ya 3. Kundi la 8 lilibadilisha vyote, barafu ikiwemo: hakuna.

Kwa pamoja, penye barafu ya bandani 15 kati ya 18 vilichafuka, na pasipo nayo 0 kati ya 6. Tyubu moja ya ziada, iliyotiwa mikrolita 2 za maji ya barafu hiyo iliyoyeyuka, ilitoa mkanda mnene kuliko wa changu.

Barafu iko nje ya tyubu, iliingiaje ndani? Wanafunzi waliangalia mikono yao. Tyubu ndogo ya PCR inapozama kwenye barafu inayoyeyuka, maji hupanda hadi ukingo wa mfuniko. Ukiibana mfuniko kwa kidole gumba kilichovaa glavu yenye maji, tone hujificha kwenye mkunjo wa mfuniko. Ukiifungua tena kuongeza DNA, tone hilo huanguka ndani au hushikwa na ncha inapopita. Ilitosha kumwekea mwanafunzi rangi ya chakula kwenye maji ya bakuli na kumwambia afungue na kufunga tyubu tano. Tatu zilikuwa na rangi kwa ndani ya mfuniko.

Na tone dogo halina udogo mbele ya PCR. Mizunguko 35 ikienda bila dosari huzidisha molekuli moja mara bilioni 34. Jeni la COI nalo liko kwenye mitokondria, na seli moja ya nyama ya samaki hubeba nakala zake mamia hadi maelfu.

Papa aliyenyamaza

Kosa la papa lilikuwa tofauti kabisa, na ni muhimu yasichanganywe. Sampuli isiyotoa mkanda ina sababu kuu mbili: kuna kitu kinachozuia kimeng'enya, au DNA yenyewe imekatikakatika. Kipimo cha kuzitenganisha ni rahisi. Dondoo likipunguzwa mara 10 kwa maji na mkanda ukatokea, tatizo lilikuwa kitu kinachozuia kimeng'enya. Dondoo likichanganywa na DNA ya kidhibiti chanya na hata hicho kikakataa, jibu ni lile lile. Likiacha kidhibiti chanya kitoke na lenyewe lisitoke hata likipunguzwa, DNA imeharibika, na inahitajika kipande kifupi zaidi cha jeni.

Chumvi ndiyo iliyoshukiwa, na hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua kipande cha miligramu 20 chenye chumvi sehemu 15 kwa 100. Hizo ni miligramu 3, karibu mikromola 51. Ndani ya mikrolita 110 za dondoo zinakuwa mola 0.46 hivi kwa lita. Mikrolita 2 zake katika mmenyuko wa 25 zinaongeza milimola 37 kwa lita juu ya chumvi ambayo bafa ya PCR imeshaibeba. Kipande kirefu cha jeni ndicho kinachoumia kwanza. Wanafunzi walikuwa wamekata vipande vikubwa kwa imani kuwa nyama nyingi ni DNA nyingi. Mwongozo ulisema “kipande kidogo” bila kutaja uzito.

Madondoo yale 6 yalipunguzwa mara 10 na kurudiwa juu ya kizuizi cha alumini. Manne yalitoa mkanda. Mawili yalibaki kimya huku kidhibiti chanya kilichochanganywa nayo kikitoka vizuri, kwa hiyo yaliandikwa kuwa DNA iliyokatika. Mwongozo sasa unasema: papa mkavu alowekwe kwenye maji safi dakika 30, maji yabadilishwe mara mbili, na kipande kisizidi miligramu 5, ukubwa wa robo ya punje ya mchele.

Matokeo

Mikanda miwili ya vidhibiti hasi ilipelekwa nje kusomwa mfuatano wa DNA. Majibu yalifika wiki ya 8. Mmoja haukusomeka, kwa kuwa alama za besi zilipandana, kama inavyotarajiwa kwa barafu iliyogusa samaki wengi. Wa pili ulisomeka vizuri, na ulipolinganishwa na BOLD, hifadhidata ya mifuatano ya DNA ya kutambulisha spishi, uliangukia jenasi ya Thunnus, yaani jodari. Spishi haikutajwa, na hilo ni sawa: COI peke yake haiwatenganishi vizuri jodari wa jenasi hiyo. Hakuna kundi lililopewa jodari, na kidhibiti chanya kilikuwa tilapia. Jodari huyo aliingia kwa kuluboksi.

Ripoti za mwisho zilikuwa ndefu kidogo kuliko zilivyoombwa. Makundi 7 yaliandika waziwazi kwamba matokeo yao ya changu na tafi ya wiki ya 4 hayawezi kutumika mpaka yarudiwe. Kundi moja liliyatumia bila kueleza sababu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kubadilisha kitu kimoja kimoja kwa darasa zima. Kundi moja pekee lisingeweza kufika popote kwa tyubu tatu. Makundi manane, kila moja likishika swali lake, yalipata jibu kwa kuiendesha mashine mara moja, kwa tyubu 24 za vidhibiti na chache za papa. Gharama yake ilikuwa chini ya kurudia zoezi lote. Swali la “inaingiaje?” nalo lilifanya kazi ambayo orodha ya tahadhari ukutani haijawahi kuifanya.

Mpango huo haukuwa safi kila mahali. Kundi la 5 lilibadilisha pipeti na ncha kwa pamoja, kwa hiyo kama lingetoka safi, isingejulikana ni kipi kati ya viwili. Nakala tatu ni chache. Na kila kundi lilikuwa na mikono yake: lenye ustadi zaidi lingeweza kutoka safi hata kwenye barafu chafu. Ingekuwa bora kila mshukiwa apewe makundi mawili, hata kama washukiwa wangepungua.

Kosa la msingi lilifanyika kabla wanafunzi hawajaingia mlangoni. Jaribio la matayarisho halikufanywa kwa hali ile ile ya siku ya darasa. Lilikuwa na watu wawili, trei za friza na bakuli moja. Darasa lilikuwa na watu 24 na barafu ya kununua. Jaribio la matayarisho lifanywe kwa idadi kamili ya mabakuli, kwa vitu vitakavyotumika siku yenyewe, na atakayetumwa kununua chochote aandike alikokinunua. Kwa vifaa vichache vya kozi kama hii, barafu si lazima hata kidogo: mchanganyiko mkuu wa siku hizi huvumilia dakika 20 juu ya kizuizi cha alumini kilichopoa, na kizuizi hakiyeyuki.

Usafi nao ulikuwa na kasoro iliyofichika. Meza zilikuwa zinapanguswa kwa ethanoli ya asilimia 70. Ethanoli hiyo huua bakteria wengi, lakini DNA huiacha pale pale, tena huigandisha juu ya meza. Panapohusika PCR itumike jiki, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, iliyochanganywa siku hiyo hiyo, iachwe dakika 10, kisha ipanguswe kwa maji safi kwa kuwa mabaki ya klorini huzuia kimeng'enya na hula chuma cha pipeti. Kuchemsha kwa mvuke wa shinikizo nako hakutegemewi peke yake. Vipande vya DNA vinaweza kubaki.

Kuhusu jedwali la alama, mkanda sasa hauna alama yoyote. Alama 6 ni za kueleza kila kidhibiti kinasema nini na hakisemi nini, 6 ni za daftari la maabara lenye chanzo cha kila kitu kilichotumika, barafu na maji yakiwemo, 4 ni za pipeti, na 4 ni za hitimisho lisilozidi ushahidi. Picha ya jeli isiyo na njia zote tano hairudishwi na alama, hurudishwa ikamilishwe.

Kukosa vimeng'enya vya kukata ilikuwa hasara ya kweli. Wanafunzi hao walihitimu kozi bila kuvishika, na hilo liliandikwa kwenye taarifa ya kozi ili mwalimu wa mwaka unaofuata ajue.

Muhula uliofuata zoezi lilirudiwa na darasa jipya, juu ya vizuizi vya alumini, na pipeti za kutayarishia mchanganyiko zikiwa na utepe mwekundu ili zisiguse DNA. Vidhibiti hasi 7 kati ya 8 vilikuwa safi. Kundi lenye kile cha nane halikuita mwalimu. Walifungua daftari lao, wakapitia hatua baada ya hatua, wakaikuta kwenye ukurasa wa wiki ya PCR: pipeti yenye utepe mwekundu ilikuwa imetumika kuongeza dondoo la tafi. Wakaomba tyubu tatu za kuthibitisha.